Madini ya Katanga, moto wa Hiroshima na mwanamke aliyekataa kunyamaza

*Setsuko Thurlow alikuwa na umri wa miaka 13 bomu la atomiki lilipoushukia mji wake. Tangu hapo maisha yake yamekuwa na dai moja: silaha za nyuklia zipigwe marufuku duniani kote. Dai hilo linatuhusu sisi pia, na kwa karibu kuliko wengi tunavyofahamu.*

JUNI 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa hofu ya korona, mwanamke wa miaka 88 mkazi wa Toronto alimwandikia barua Waziri Mkuu wa Kanada, Justin Trudeau. Agosti ya mwaka huo ingetimia miaka 75 tangu miji ya Hiroshima na Nagasaki iteketezwe kwa mabomu ya atomiki. Mwandishi wa barua hiyo alikuwamo Hiroshima siku ile.

Setsuko Thurlow alimtaka Trudeau afanye mambo mawili. La kwanza, Kanada ikiri kwamba ilikuwa na mkono katika kutengenezwa kwa mabomu yale, na itamke masikitiko yake kwa waliokufa na walioteseka. La pili, iridhie mkataba wa Umoja wa Mataifa unaopiga marufuku silaha za nyuklia.

Alikuwa na ushahidi. Urani ilichimbwa kando ya Ziwa Great Bear, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako wanaume wa jamii ya Wadene walibebeshwa magunia ya madini bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Urani hiyo ilisafishwa katika mji wa Port Hope, jimboni Ontario, kisha ikavushwa kwenda Marekani. Mwaka 1998, ujumbe wa Wadene ulifunga safari hadi Hiroshima kueleza masikitiko yao. Watu ambao hawakujua walichobeba ndio waliokwenda kutoa pole.

Lakini sehemu kubwa zaidi ya urani iliyotumiwa na Marekani wakati ule wa vita haikutoka Kanada. Ilitoka Shinkolobwe, Katanga, jirani na mji wa Likasi wa leo. Iliyoichimba ni mikono ya Waafrika walioajiriwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, na Kiswahili ndiyo lugha iliyokuwa ikikua katika kambi za wachimbaji wa jimbo hilo.

Kwa hiyo habari ya Setsuko si ya Wajapani peke yao. Yanayojadiliwa hapa ni mambo mawili yanayotugusa: nani anawajibika kwa silaha inayoweza kufuta mji mzima kwa asubuhi moja, na nani ana haki ya kuamua kama silaha hiyo iendelee kuwapo.

Saa mbili na robo asubuhi

Alizaliwa Januari 3, 1932, mjini Hiroshima, akiitwa Setsuko Nakamura, kitindamimba katika familia ya watoto saba. Agosti 1945 alikuwa mwanafunzi wa shule ya wasichana ya Hiroshima Jogakuin.

Vita vilikuwa vimewatoa wanafunzi madarasani. Maelfu yao walipelekwa katikati ya mji kubomoa nyumba za mbao ili ziachwe nafasi wazi ambazo moto wa mashambulizi ya anga usingeweza kuzivuka. Setsuko na wenzake wapatao 30 walichaguliwa kwa kazi nyingine: kulisaidia jeshi kufumbua ujumbe wa siri.

Jumatatu ya Agosti 6 ilikuwa siku yao ya kwanza kazini baada ya mafunzo. Walikusanyika ghorofani, katika jengo la mbao la makao ya jeshi, kilomita 1.8 kutoka mahali ambapo bomu lingelipukia. Ofisa mmoja alikuwa akiwapa nasaha za uzalendo.

Saa 2:15, Setsuko aliona dirishani mwanga mweupe wenye ubuluu. Akajihisi anaelea hewani. Kisha giza.

Alipozinduka alikuwa amebanwa na kifusi, hawezi kujitikisa. Pembeni yake zilisikika sauti hafifu za wasichana wenzake, huyu akimwita mama yake, yule akimwomba Mungu. Ghafla mkono ukamgusa begani, na sauti ya mwanamume ikamwambia asikate tamaa, aendelee kusukuma, atambae kuufuata mwanga uliokuwa ukipenya kwenye ufa.

Alitambaa akatoka. Alipogeuka, jengo lilikuwa linawaka. Wengi wa wenzake waliungua humo wakiwa hai.

Nje, asubuhi ilikuwa imegeuka kiza kwa vumbi na moshi. Watu walikuwa wakija kutoka katikati ya mji, wengi wao ngozi zikining'inia, nywele zimesimama, mavazi yameungua. Walitembea kimya. Askari akawaambia wasichana watatu waliookoka wajiunge na msafara ule kuelekea mlimani.

Chini ya mlima palikuwa na uwanja wa mazoezi ya jeshi, upana wake kama viwanja viwili vya mpira. Ulijaa maiti na majeruhi. Hapakuwa na daktari, wala muuguzi, wala dawa, wala hata kikombe, na kila mtu alikuwa akiomba maji. Wasichana wale walishuka kwenye kijito, wakanawa damu, wakachana blauzi zao, wakalowesha vitambaa na kuwawekea mahututi midomoni wavinyonye. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza iliyopatikana. Waliifanya kutwa nzima, na usiku wakakaa mlimani wakiutazama mji wao ukiteketea.

> Hapakuwa na daktari, wala dawa, wala hata kikombe. Kila mtu alikuwa akiomba maji.

Dada yake, Ayako, alikuwa ameingia mjini na mwanawe wa miaka minne, Eiji, kumwona daktari. Bomu liliwakuta darajani. Waliungua na kuvimba hata sura zao zikapotea. Eiji aliomba maji mpaka alipokata roho, na mama yake naye hakupona. Askari waliiweka miili yao shimoni, wakaimwagia petroli na kuiwasha, huku wakiigeuza kwa fito za mianzi.

Setsuko alisimama pale akitazama, hakudondosha chozi hata moja. Kwa miaka mingi alijilaumu, akidhani ana moyo wa jiwe. Alipokuwa mtu mzima na kujisomea juu ya nafsi ya binadamu ndipo alipoelewa kwamba mwili huzima hisia ili mtu asivunjike kabisa.

Hadi kufikia mwisho wa mwaka 1945, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima. Nagasaki, iliyopigwa siku tatu baadaye, ilipoteza zaidi ya 70,000. Wengi wao walikuwa raia. Shule ya Setsuko pekee ilipoteza wanafunzi na walimu 351, na miaka mingi baadaye alikuwa bado akisafiri na kitambaa kirefu cha njano kilichoandikwa majina yao.

Mwenye kovu usidhani kapoa

Bomu hili lilitofautiana na mengine yote kwa jambo moja: liliendelea kuua baada ya moto kuzimika. Watu waliotoka bila hata mchubuko walianza kutokwa na madoa ya zambarau mwilini. Fizi zikavuja damu, nywele zikang'oka kwa mafungu, wakafa. Miaka ikapita, saratani ya damu ikafuata, kisha saratani nyingine. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na kwa manusura wa mionzi usemi huo ni taarifa ya kitabibu.

Wajapani wanawaita manusura hao hibakusha. Kwa miaka ya mwanzo, sauti zao hazikusikika. Jeshi la Marekani lililoikalia Japani liliweka udhibiti mkali wa habari, na picha na simulizi za athari za mabomu zikazuiwa. Marekani ilianzisha pia tume ya kuwachunguza manusura. Iliwapima damu, ikawapiga picha, ikahifadhi takwimu zao. Haikuwatibu.

Nyumbani nako walinyanyapaliwa. Familia zilisita kuoza watoto wao kwa mtu aliyepigwa na mionzi, kwa hofu ya kuzaa watoto wagonjwa. Waajiri waliwakwepa kwa kuwa waliugua mara kwa mara. Wengi wakaamua kuficha walikotoka.

Mwaka 1956, mjini Nagasaki, manusura waliunda shirikisho lao, Nihon Hidankyo. Waliazimia mambo mawili: kudai matibabu na fidia, na kudai silaha hizo zisitumike tena kwa mtu yeyote, popote.

Kufikia wakati huo Setsuko alikuwa ng'ambo. Kule Hiroshima alikuwa amepata faraja katika imani ya Kikristo kupitia Mchungaji Kiyoshi Tanimoto, ambaye naye alikuwa manusura, na alikuwa amehitimu chuo kikuu cha Jogakuin. Mwaka 1954 alipata nafasi ya masomo nchini Marekani, katika chuo cha Lynchburg, jimboni Virginia.

Barua za matusi

Machi 1 ya mwaka huohuo, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa kama mara 1,000 ya lile la Hiroshima. Majivu yake yaliiangukia meli ya wavuvi wa Kijapani yenye mabaharia 23. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba. Japani nzima ilichemka kwa hasira.

Mgeni huyu wa miaka 22 alipofika Virginia, waandishi wa habari walimuuliza anaonaje. Alijibu alichoamini: majaribio yale ni makosa na yakome. Maneno yake yalichapishwa, na barua zikaanza kumiminika. Zilimtukana, zikamwambia arudi kwao, zikamkumbusha kwamba Japani ndiyo iliyoanza kwa kuishambulia Pearl Harbor.

Ilibidi achague. Alikuwa peke yake ugenini, anasomeshwa kwa hisani ya nchi iliyoupiga mji wake kwa bomu. Angenyamaza, angemaliza shahada yake kwa amani. Aliamua kwamba walionusurika wasiposema hakuna mwingine atakayesema, na uamuzi huo haujabadilika.

> Angenyamaza, angemaliza shahada yake kwa amani. Aliamua kusema.

Mwaka 1955 aliolewa na Jim Thurlow, Mkanada. Sheria za Virginia zilipiga marufuku ndoa kati ya mzungu na mtu wa rangi nyingine, hivyo walifunga ndoa yao Washington. Kisha wakahamia Toronto.

Huko Setsuko alisomea ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Toronto, akafanya kazi hiyo katika shule za jiji, na akaanzisha huduma ya ushauri kwa familia zenye asili ya Japani. Katikati ya miaka ya 1970, yeye na mumewe walianza kuwakusanya watu wa Toronto kuzungumzia Hiroshima na Nagasaki. Alikuwa amegundua kwamba majirani zake walizijua silaha za nyuklia kama somo la siasa tu, na hawakuwa na habari yoyote kuhusu zinavyomfanya mwanadamu.

Hapo ndipo ulipo mchango wake mkubwa. Mijadala ya nyuklia ilikuwa ya majenerali na mabalozi, ikihesabu makombora ya upande huu na ya upande ule. Yeye alizungumza juu ya Eiji, mtoto wa miaka minne aliyeomba maji. Aliyafanya hayo mashuleni, makanisani na kwenye kumbi za mikutano kwa zaidi ya nusu karne.

Shimo la Shinkolobwe

Bomu la Hiroshima lilikuwa na takriban kilo 64 za urani. Urani ambayo viini vyake vilipasuka haikufika hata kilo moja, ikatosha kuufuta mji. Ili kuipata urani ya namna hiyo, ni lazima kuchambua mawe mengi sana.

Mawe ya Shinkolobwe hayakuwa na mfano. Migodi ya Marekani ilikuwa na mawe yenye urani isiyofika asilimia moja, ilhali mengine ya Katanga yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alihofia yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1940 alisafirisha tani zaidi ya 1,000 hadi New York na kuzihifadhi ghalani katika kisiwa cha Staten. Septemba 1942, ofisa wa jeshi la Marekani alipobisha hodi ofisini kwake, mauzo yalikamilika siku hiyohiyo.

Baadaye Marekani ililipia ukarabati wa mgodi uliokuwa umejaa maji, na uchimbaji ukaendelea kwa siri. Wachimbaji walishika mawe yale kwa mikono mitupu. Hakuna aliyewaeleza kuhusu mionzi, wala mahali madini yalikokuwa yakipelekwa.

Ubelgiji ilipata fedha, Marekani ikapata bomu, na Hiroshima ikapata maafa. Katanga ilibaki na mashimo. Mashimo hayo hayakuacha kudai watu: mwaka 2004, hata baada ya serikali ya Kinshasa kuufunga mgodi kwa amri ya rais, kifusi kiliwaangukia na kuwaua wachimbaji wadogo waliokuwa wakitafuta kobalti.

Setsuko alipoidai Kanada ikiri sehemu yake, alikuwa akifuata mnyororo huu. Silaha ya nyuklia haitengenezwi na nchi moja. Ina mgodi, kiwanda cha kusafisha, meli, benki na serikali za kuitetea. Kila pete ya mnyororo huo inaweza kusema hapana, ikiwa watu wake wanajua na wameulizwa.

Siku ya kura 122

Mwaka 2007 ilianzishwa kampeni ya kimataifa ya kufuta silaha za nyuklia, ICAN, na Setsuko akawa mmoja wa wasemaji wake wakuu. Mkakati ulikuwa kuubadilisha mjadala: swali la kwanza liwe madhara kwa binadamu, la makombora ya nani lifuate. Norway iliitisha mkutano wa serikali juu ya hilo mwaka 2013, ukafuatiwa na wa Mexico na wa Austria mwaka 2014. Madaktari na Msalaba Mwekundu walieleza kwamba hakuna nchi yenye uwezo wa kuwahudumia majeruhi wa bomu hata moja likipigwa mjini.

Machi 2017, mazungumzo ya mkataba yalifunguliwa Umoja wa Mataifa, New York. Nje ya ukumbi, balozi wa Marekani, Nikki Haley, akiwa na wenzake wa Uingereza na Ufaransa, alitangaza kwamba nchi zao hazitashiriki.

Kazi iliendelea bila wao, chini ya uenyekiti wa balozi Elayne Whyte Gómez wa Costa Rica. Julai 7, ubao wa kura ulisoma 122 za ndiyo, moja ya hapana kutoka Uholanzi, na Singapore ikajizuia. Setsuko, akiwa na miaka 85, alipewa nafasi ya kuzungumza. Alisema alikuwa ameingojea siku hiyo kwa miongo saba, na akauita mkataba huo mwanzo wa mwisho wa silaha za nyuklia.

Desemba 10 mwaka huo alisimama Oslo, pamoja na mkurugenzi wa ICAN, Beatrice Fihn, kupokea Nishani ya Amani ya Nobel. Mabalozi wa Marekani, Uingereza na Ufaransa hawakuhudhuria; waliwakilishwa na maofisa wa chini yao. Aliiambia hadhira kwamba kila aliyekufa alikuwa na jina, na kila mmoja alipendwa na mtu.

Mkataba ulianza kuwa na nguvu ya sheria Januari 22, 2021. Unakataza kutengeneza, kumiliki, kuhifadhi, kutumia na kutishia kutumia silaha za nyuklia. Unazitaka pia nchi wanachama kuwasaidia waathirika wa matumizi na majaribio ya silaha hizo.

Wanaoutetea ulinzi wa nyuklia

Hoja za upande wa pili zinastahili kusikilizwa, kwa sababu zinaongoza sera za nchi zenye nguvu.

Ya kwanza ni kwamba silaha hizi zimelinda amani. Tangu mwaka 1945 hakujazuka vita vingine vya dunia, na watetezi wa silaha hizo wanasema sababu ni woga wa kuangamizana. Ya pili ni Ukraine. Mwaka 1994 ilikubali kuondoa silaha za Kisovieti zilizokuwa katika ardhi yake, ikapewa ahadi na Urusi, Marekani na Uingereza kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Mwaka 2022 Urusi iliivamia kwa vita kamili.

Ya tatu ni kwamba mkataba hauna meno. Nchi zote tisa zenye silaha hizo hazijajiunga: Marekani, Urusi, China, Ufaransa, Uingereza, India, Pakistan, Israeli na Korea Kaskazini. Wala hazijajiunga zile zinazokingwa na silaha za Marekani, zikiwamo Kanada na Japani yenyewe. Serikali ya Tokyo husema kwamba, ikiwa na Korea Kaskazini na China jirani, haiwezi kuitupa kinga hiyo.

Hoja ya Ukraine ni nzito, lakini tukiifuata hadi mwisho, kila nchi yenye jirani mkorofi itahitaji bomu lake. Dunia yenye mabomu kila mpaka haitakuwa salama zaidi.

Na amani inayosifiwa imetegemea bahati mara nyingi. Septemba 26, 1983, kompyuta za Kisovieti zilionyesha makombora ya Marekani yamefyatuliwa. Ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, alishuku kwamba mitambo imekosea, akaripoti kuwa ni hitilafu. Alikuwa sahihi: ulikuwa mwanga wa jua uliodanganya setilaiti. Usalama wa wanadamu wote, wakiwamo wa Kigoma na wa Kisangani, ulikuwa juu ya busara ya mtu mmoja usiku mmoja.

> Usalama wa wanadamu wote ulikuwa juu ya busara ya mtu mmoja usiku mmoja.

Kuhusu meno, historia inatoa jibu. Mataifa makubwa kadhaa yaliukataa mkataba wa mwaka 1997 wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini ya kuua watu. Hata hivyo silaha hiyo ilipata aibu, na biashara yake ikanywea. Sheria huanza na wanaokubali kufungwa nayo.

Mei 2023, viongozi wa nchi saba tajiri walikutana Hiroshima, wakatembelea jumba la kumbukumbu, kisha wakatoa tamko linalotetea silaha zao kama za kujihami. Setsuko alikuwa mjini humo. Mbele ya waandishi wa habari aliutaja mkutano huo kuwa umeshindwa. Mji uliouawa na silaha hizi ulikuwa umetumiwa kuzihalalisha.

Afrika imeshawahi kuchagua

Bara letu si geni katika jambo hili. Kati ya mwaka 1960 na 1966, Ufaransa ililipua mabomu 17 ya nyuklia ya majaribio katika jangwa la Algeria. Afrika Kusini ya makaburu ilitengeneza mabomu sita, kisha ikayafumua kabla ya kuingia katika utawala wa walio wengi. Ni nchi pekee iliyowahi kuunda silaha hizi na kuziacha kwa hiari. Mkataba wa Pelindaba wa mwaka 1996 umeifanya Afrika yote kuwa ukanda usio na silaha za nyuklia.

Mwaka 1984, Mwalimu Julius Nyerere aliungana na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, na viongozi wa Argentina, Mexico na Ugiriki kuzitaka nchi zenye mabomu zisimamishe mashindano yao. Msimamo wao ulikuwa kwamba vita vya nyuklia havitaua wenye mabomu peke yao, hivyo nchi zisizo nayo zina haki ya kusema.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mawe ya bomu la kwanza yalichimbwa, iliuridhia mkataba mpya mwaka 2022. Tanzania iliutia saini Septemba 2019, lakini hadi mwaka 2025 ilikuwa bado haijakamilisha hatua ya kuuridhia.

Kwa Tanzania suala hili lina uzito wa pekee, kwani urani ipo katika ardhi yake, eneo la Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Kuichimba kwa ajili ya umeme ni halali. Lakini wananchi wa Ruvuma wana haki ambayo wachimbaji wa Shinkolobwe hawakupewa: kujua inauzwa kwa nani, inapita wapi, na ina kinga gani isigeuzwe silaha.

Saa inakwenda

Oktoba 2024, Nihon Hidankyo ilitangazwa mshindi wa Nishani ya Amani ya Nobel. Terumi Tanaka, manusura wa Nagasaki mwenye miaka 92, ndiye aliyezungumza Oslo. Kufikia Machi 2025, manusura waliosajiliwa Japani walikuwa wamepungua chini ya 100,000, na wastani wa umri wao ulipita miaka 86. Duniani bado kuna vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000, karibu tisa kati ya kila kumi vikiwa mikononi mwa Marekani na Urusi.

Siku si nyingi hakutakuwa na mtu aliye hai wa kusimulia aliyoyaona. Setsuko amelijua hilo muda mrefu, na ndiyo sababu hakuridhika na kusikilizwa na kupigiwa makofi. Alitaka ushuhuda wake uwe kifungu cha sheria, kwa maana sheria hubaki baada ya shahidi kuondoka.

Mwaka 1942 hakuna Mkongo aliyeulizwa kama mawe ya nchi yake yatengeneze bomu. Mwaka 2017, katika ukumbi wa Umoja wa Mataifa, kura ya nchi isiyo na kombora hata moja ilikuwa sawa na ya nyingine yoyote, na mataifa ya Afrika yaliitumia. Kazi iliyobaki ni ya mabunge. Mbunge anayekuja kwako kuomba kura anapaswa kuulizwa lini nchi yako itaridhia mkataba huu, na kama tayari imeuridhia, inafanya nini kuwashawishi wengine. Mwanamke aliyetoka chini ya kifusi akiwa na miaka 13 amefanya sehemu yake kwa zaidi ya miaka 70. Ikilinganishwa na kazi hiyo, swali letu kwa mbunge ni dogo sana, na hatuna udhuru wa kutoliuliza.